Visima Vitatu na Kile cha Dada

Jumatatu, Machi 3

Nimefika, na kabla sijatua begi nimeshawekewa masharti. Mabuti yalale nje. Ovaroli isivuke kizingiti. Mezani nisikae kabla ya kuoga. "Unanuka gereji," dada ameniambia, hapo hata hajanikumbatia. Mimi sisikii chochote. Miaka kumi na moja nachimba kwenye vituo vya mafuta vilivyokufa. Pua yangu ilishastaafu bila kiinua mgongo.

Ofisi ilitaka nikae nyumba ya wageni, nikakataa. Kituo chenyewe kimepakana na uani kwa dada, ukuta mmoja tu katikati. Kimefungwa miaka minane sasa. Kuna mtu amekinunua na anataka kujenga shule ya chekechea, lakini hapewi kibali mpaka mtu kama mimi aseme mafuta yaliyovuja yako wapi, ni kiasi gani, na maji ya chini ya ardhi yanayapeleka upande upi. Nikisema ndiyo, watu wanajenga. Nikisema hapana, hawajengi. Sitajifanya kwamba hilo halinipi raha.

Mpwa wangu naye yupo, mtoto wa pekee wa dada. Ana mimba ya miezi mitano na nusu. Mbili za kwanza ziliharibika, moja mwaka juzi na nyingine mwaka jana, kwa hiyo mumewe, ambaye kazi yake ni ya safari, amemrudisha kwa mama yake apumzike. Hafui, hapiki, hainui hata ndoo. Maji anachotewa na dada mwenyewe kutoka kisima cha uani, kile alichokichimba marehemu baba yetu. Dada anayachemsha, anampelekea kikombe baada ya kikombe kama dawa. "Mama mdogo," ameniambia huku akicheka, "humu ndani mimi ni yai."

Jumatano, Machi 5

Nimekizunguka kiwanja. Paa limeng'olewa, pampu hazipo, zimebaki nyaya zinazochungulia kwenye saruji. Kwenye ofisi ya zamani anaishi mlinzi. Matangi matatu yako ardhini, moja limekaa karibu kabisa na ukuta wa dada.

Tumechoma udongo kwa keekee ya mkono sehemu sita. Juu kifusi, kisha udongo mwekundu wa mfinyanzi, kisha kwenye mita mbili na nusu mchanga. Karibu na lile tangi la nyuma mchanga ulitoka wa kijivu, rangi ya samaki aliyelala. Nikautia kwenye mfuko, nikaufunga, nikauacha juani dakika kumi, halafu nikachomeka mashine ya kunusa mvuke. Namba zilipanda mpaka mashine ikaanza kulia. Mlinzi alikuwa amesimama mbali. Alipoisikia akarudi ndani akafunga mlango.

Jumanne, Machi 11

Leo visima vya kupimia, vitatu. Cha kwanza kando ya barabara, cha pili nyuma, chini ya ukuta wa dada, cha tatu pembeni kwenye ukuta wa gereji ya jirani. Anayenichimbia ni fundi tunayemwita Chapuchapu. Mkono mzuri, akili nzuri, ila kila dakika ana kazi nyingine inayomsubiri mahali.

Mpwa wangu aliketi juu ya ndoo upande wake wa ukuta, akachungulia kwenye tundu la tofali akauliza kwa nini vitatu na si kimoja. Nikamweleza. Maji ya chini hayatulii, yanateremka polepole kwenda upande mmoja, lakini huwezi kuyaona. Kwa hiyo unasimamisha bomba tatu, mpima ramani anapima kila mdomo wa bomba uko juu kiasi gani, halafu mimi nashusha utepe wenye kengele. Ukigusa maji, unalia. Natoa kina cha utepe kwenye kimo cha mdomo, napata maji yamesimama wapi kwenye kila bomba. Palipo juu ndiko yanakotoka. Palipo chini ndiko yanakokwenda, na mafuta yanayafuata.

"Na yakija huku kwetu?"

Nikamwambia ndiyo maana mimi nipo.

Mpima ramani alipima midomo yote mitatu kabla ya saa tisa, akanipa karatasi, akaenda zake.

Ijumaa, Machi 14

Chapuchapu amemaliza vifuniko vya chuma. Kimoja kilimsumbua kidogo, lakini saa nne alikuwa ameshafunga kufuli zote na kuondoka. Mawingu.

Alhamisi, Machi 20

Mvua imeanza, tena bila hodi. Nimepima visima vyote vitatu huku inanifukuza. Karatasi nilizikinga ndani ya ovaroli kama mtoto. Nimechota sampuli, na moja pia kutoka kisima cha dada. Dada alitaka kuosha chupa za maabara kwa sabuni. Tuligombana.

Mvua ilipozidi nikajibanza kwa mlinzi. Kumbe alikuwa mpiga pampu hapahapa, miaka kumi na mbili. Lile tangi la nyuma, anasema, lilikuwa linakunywa. Usiku unalipima kwa fimbo, asubuhi limepungua, na hakuna gari lililoingia. Mwenye kituo akasema vijana wanaiba. Wenzake wakafukuzwa, naye akafukuzwa mwisho, na mpaka leo mama mkwe wake anamwita mwizi. Alipomaliza nikamwomba kiti.

Nimefanya hesabu mara mbili. Maji ya kisima cha pili, kile cha kwenye ukuta wa dada, yamesimama juu kuliko mengine kwa sentimita ishirini na tano hivi. Maana yake yanatoka upande wa nyumba na kuteremkia barabarani. Dada yuko juu ya mto, kwa lugha rahisi.

Jumatano, Aprili 2

Majibu ya maabara. Kisima cha dada: safi, hakuna kitu, hata tone. Cha barabarani: safi. Cha pembeni: safi. Cha pili: kichafu kupindukia, na benzini humo, ambayo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwenye petroli, ni mara mia sita ya kiwango kinachoruhusiwa.

Bosi alinipigia akauliza jambo moja la maana: kama maji yanateremkia barabarani, mbona kisima cha barabarani ni safi na cha nyuma kichafu? Nikamjibu kwamba cha nyuma kiko ubavuni mwa tangi linalovuja, lazima kichafuke, na kwamba udongo wa mfinyanzi umeyachelewesha mafuta, barabarani hayajafika bado. Akasema sawa, wewe ndiye uko huko. Naam, mimi ndiye niko huku.

Dada nimemwambia kwa kinywa changu, mbele ya mpwa wangu: kunyweni bila wasiwasi. Dada akaniangalia kama siku ile nilipopata cheti. Kisha akaniambia nivue viatu.

Jumatatu, Aprili 7

Bomba la mtaa limepasuka. Mafuriko ya juzi yalikula daraja na bomba lilikuwa limening'inizwa chini yake. Wanasema wiki tatu, na wakisema wiki tatu kila mtu anajua.

Majirani wamekuja na ndoo. Wengine wana mashaka, wamesikia kwamba kituoni kunapimwa sumu. Dada akaniita nje nikiwa na kijiko mdomoni. Nikasimama kwenye ngazi nikawaeleza, na karatasi ya maabara nikawaonyesha. Nikasema maji ya kisima hiki ni salama na sababu zake ni hizi na hizi. Mama wa nyumba ya kona, mwenye watoto wanne, akauliza kama na mtoto mchanga anaweza kuyanywa. Nikasema hata mtoto mchanga. Wakanishukuru. Mzee mmoja akasema heri mtaa uwe na msomi wake.

Jumatano, Aprili 9

Mvua kutwa. Sijafanya kitu.

Jumanne, Aprili 15

Foleni inaanza kabla ya jua. Kamba ya ndoo imekatika mara mbili, basi mwenye gereji ameleta pampu ya umeme na tangi la plastiki, limewekwa juu ya matofali uani kwa dada. Sasa pampu inavuma tangu alfajiri hadi jioni. Dada ameongezeka kimo. Anawapanga watu kama karani wa uchaguzi, na mwenye mdomo mchafu anarudishwa mwisho wa foleni.

Mpwa wangu amehesabu ndoo kwa kujifurahisha: mia mbili na kumi kabla ya saa sita.

Jumanne, Aprili 22

Bosi, mkono wa birika yule, anataka duru ya pili ya sampuli ipunguzwe. Akauliza kipi kinaweza kutoka. Nikatazama orodha nikafuta kisima cha dada. Kiko juu ya mto, kilishapimwa, ni safi. Ilinichukua muda wa kunywa chai funda moja.

Dada analalamika ovaroli yangu imemshinda. Ameifua, ameianika, bado inanuka. Nikamwambia nilimkataza kunifulia, ni mkaidi mwenyewe.

Jumatatu, Aprili 28

Tumelifukua tangi la nyuma. Winchi ililinyanyua, likaning'inia linachuruzika, na tumbo lake lote limetoboka kama chujio. Mashimo mengine yanapitisha kidole. Nikamwita mlinzi. Alilizunguka mara mbili. Kisha akaingiza kidole kwenye tundu moja, akakitoa, akakiangalia.

"Miaka minane," akasema, "naitwa mwizi kwa ajili ya hili."

Nikampiga picha akiwa amesimama kando yake. Ameniomba niiandike tarehe nyuma, ampelekee mama mkwe.

Furaha yake ilinichangamsha kutwa nzima. Lakini shimo lilipobaki wazi nikachungulia, na chini kabisa maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mchanga, na juu ya maji utando wa rangi nyingi. Nilitupa jani kavu nione. Lilisimama kwanza, halafu likaanza kusogea kuelekea ukuta wa dada. Nikasema ni upepo.

Ijumaa, Mei 2

Mpwa wangu kichwa kinamuuma siku ya nne. Anasema chai ina ladha ya kiberiti. Dada ameisugua birika kwa mchanga, kwa ndimu, kwa majivu, mwisho akanunua mpya. Nesi wa zahanati anasema mimba huchezea ulimi wa mtu, asile vitu vya chumvi, alale. Nami nikaunga mkono. Nilikunywa chai ileile na sikuonja lolote.

Ameacha kutania. Anakaa dirishani na khanga begani, dirisha wazi hata mvua ikiingia.

Alhamisi, Mei 8

Visima vimejaa ajabu. Nimepima vyote, mteremko ni uleule, kwenda barabarani. Bomba la mtaa bado.

Jumanne, Mei 13

Lazima niandike haya kwa mpangilio, nisije nikajidanganya tena.

Saa nane mchana mvua ilinikimbiza kwa mlinzi. Amejitengenezea mfereji kwenye paa, bati limekunjwa, na mwisho wa bati amechomeka kipande cha bomba la plastiki la bluu ili maji yaanguke sawasawa kwenye ndoo. Bomba la bluu la namna ile tunalo sisi tu, wachimbaji wa visima vya kupimia. Halina matundu ya kuingizia maji kama la chini, kwa hiyo ni la sehemu ya juu. Nikamuuliza amelitoa wapi, sauti yangu ikiwa bado ya mzaha.

Akasema fundi alimpa. Siku ile ya vifuniko. Sanduku la chuma la kufunikia kisima cha nyuma lilikuwa fupi, bomba likagoma kuingia, fundi akatoa msumeno, akakata, akampa kipande, akafunga kufuli, akaondoka.

Siku ile ya vifuniko. Baada ya mpima ramani.

Nikamwomba alichomoe. Maji ya mvua yakanimwagikia mikononi. Nikapima kwa futi: sentimita arobaini kamili.

Nitaandika maana yake mara moja tu. Mdomo wa bomba la pili uko chini kwa sentimita arobaini kuliko karatasi yangu inavyosema. Kwa hiyo kila mara niliposema maji ya nyuma yamesimama juu, nilikuwa nimeyapandisha mimi, kwa karatasi. Ukitoa hizo arobaini, hayako juu kwa ishirini na tano. Yako chini kwa kumi na tano. Hayatoki kwa dada kwenda barabarani. Yanatoka kwenye tangi kwenda kwa dada.

Na nina desturi, niliyoianza mwenyewe na kuwafundisha wengine, ya kupima kila safari urefu wa bomba kutoka ardhini, kwa sababu mafundi hukata na magari hugonga. Machi 20 sikupima kwa sababu ya mvua. Mei 8 sikupima kwa sababu nilishajua jibu.

Nilimpigia Chapuchapu. Hata hakukumbuka. Alipokumbuka akasema, "Lakini dada, si bomba tu?" Sikuweza hata kumkasirikia. Yeye amekata bomba. Aliyesimama kwenye ngazi na karatasi ni mimi.

Na pampu. Mwezi mzima tumeyavuta maji kutoka kisima kile, ndoo mia mbili kabla ya saa sita, na kisima kinachovutwa namna ile huita maji ya pande zote. Kama mafuta yalikuwa yanatembea, sisi tumeyatafutia gari.

Jumatano, Mei 14

Niliamka kabla ya foleni, nikachota chupa moja kisimani, nikaitikisa, nikafungua kizibo na kuchomeka mashine ya kunusa. Sikungoja sana. Namba zikapanda, mashine ikalia uani pale, na mwenye ndoo ya kwanza, binti wa nyumba ya kona, akauliza ni simu ya nani.

Nikazima pampu. Nikamwambia arudi nyumbani na wasinywe. Kisha nikaingia jikoni, na mabuti yangu miguuni, na dada hakusema neno juu ya mabuti kwa sababu aliuona uso wangu.

"Zima jiko, dada."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Sikupunguza. Nilisema nilikosea, nilisema nilivyokosea, nilisema na kile kisima nilikifuta kwenye orodha kwa mkono wangu. Yeye alikuwa ameshika kifuniko cha birika na hakukiweka chini.

"Nilisikia harufu," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mwezi uliopita. Kwenye ndoo, kwenye nguo. Nikasema ni ovaroli yako. Nimeifua mara tatu kwa maji yaleyale, nikazidi kuisikia, nikazidi kufua. Ningesema ni maji, lakini wewe ulishasema si maji. Mimi ni nani nibishane nawe?"

Mpwa wangu alikuwa mlangoni, kikombe mkononi. Sijui alisimama pale kwa muda gani. Alikiweka juu ya meza polepole sana, kama kitu kinachoweza kulipuka, akaweka mikono yote miwili tumboni.

Dada alimwaga kila kitu: mitungi, birika, sufuria, maji ya kunawia. Hakulia wala hakunitukana. Afadhali angenitukana. Bosi anataka nirekebishe ripoti kimyakimya, mteremko ubadilishwe, kisima kiongezwe kwenye mapendekezo, na mambo ya majirani tuwaachie wahusika. Nikamwambia mhusika ni mimi, nikakata simu. Nimetuma barua mwenyewe kwa idara ya maji, makosa yangu yote yameorodheshwa na jina langu chini.

Jumamosi, Mei 17

Siku tatu nimepita nyumba kwa nyumba. Nyumba arobaini na moja. Nimejifunza kuanza na kosa, si na salamu, maana ukianza na salamu wanakukaribisha kiti.

Wengine walisikiliza, wakamwaga. Wengine walicheka. Mzee yule aliyeniita msomi wa mtaa alinifungia mlango taratibu, hata hakuubamiza. Mama wa nyumba ya kona alinisikiliza hadi mwisho akiwa na mwanawe mgongoni.

"Nani amesema maji ni mabaya?"

"Mimi."

"Na aliyesema ni mazuri, hata kwa mtoto mchanga?"

"Mimi."

"Sasa tukuamini siku ipi?"

Nikamwomba aniamini leo. Akasema bomba la mtaa halijarudi, gari la maji halijaja, mvua imekatika tangu jana, na watoto wana kiu leo. Nikaomba radhi tena, nikaenda nyumba iliyofuata.

Niliporudi, kufuli nililolifunga kisimani lilikuwa limekatwa. Matofali yanayozunguka kisima yalikuwa bado yamelowa, na alama za ndoo, kubwa na ndogo. Dada alikuwa ndani. Anasema hakuona mtu. Mimi na mlinzi tumeuziba mdomo wa kisima kwa saruji jioni hii, juu ya kazi ya mikono ya baba, na mlinzi ameikwangua ikawa laini kabisa, fundi kweli.

Jumatatu, Mei 19

Gari la maji la idara limefika. Mpwa wangu ameanza kuumwa na mgongo.

Jumatano, Mei 21

Mtoto amezaliwa asubuhi hii, saa moja na robo. Wa kike. Amekuja kabla ya wakati kwa wiki nne au tano, mdogo, ngozi kama ganda la kitunguu, lakini amelia mwenyewe bila kupigwa. Dada alipousikia ule mlio akaketi sakafuni kwenye korido, hapohapo mbele za watu.

Nilimsubiri daktari mlangoni nikamweleza yote kwa vipimo. Ni kijana, ana adabu. Akasema mtoto anapumua vizuri na moyo uko sawa. Nikamuuliza kama kuwahi kwake kumetokana na maji. Akasema hawezi kujua. Nikamuuliza kuhusu miaka ijayo, damu yake, mifupa yake. Akasema hawezi kujua, watamfuatilia. Nikamuuliza kuhusu maziwa. Hapo hakusita. Akasema maji mabaya yameshaachwa, mtoto njiti anayahitaji maziwa ya mama kuliko kitu chochote, anyonyeshwe sasa hivi.

Alikwenda kitandani akamwambia mpwa wangu vilevile, neno kwa neno. Nesi akamsogezea mto, akamweka mtoto, akamfungua vifungo. Mpwa wangu akamshukuru daktari. Kisha akakirudisha kitambaa kifuani na kunitazama mimi.

"Mama mdogo. Nimnyonyeshe?"

Dada naye akanigeukia. Nesi akashangaa, maana daktari alikuwa bado amesimama pale. Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa mdomoni, na daktari yuko sahihi, najua yuko sahihi, nimesoma vya kutosha kujua. Lakini neno lile nilishalisema juu ya ngazi, na lilitoka rahisi vivyo hivyo. Nikasema msikilize daktari, mwanangu, mimi si daktari.

Akasema, "Nimemsikia. Nakuuliza wewe."

Nimetoka. Naandika haya kwenye benchi la korido, daftari juu ya goti, na mlango umeachwa wazi kidogo. Nesi anambembeleza mpwa wangu anyonyeshe. Mtoto bado analia.